Shada la Walio Hai

Zawadi za dunia ni nyingi, na kila moja ina umri wake. Blanketi hudumu miaka, sufuria hurithiwa na watoto, na mbuzi akitunzwa huzaa. Lakini ua lililokatwa shinani halina kesho nyingi. Leo linapendeza, keshokutwa linatupwa. Kwa sababu hii watu wengi wa kwetu hulihesabu kuwa zawadi ya upuuzi, na mimi nilikuwa mmoja wao. Nataka nikusimulie, msomaji, jinsi shada moja la maua lilivyonitia adabu, si kwa uzuri wake, bali kwa kilio lililokileta.

Mama yangu aliishi nje kidogo ya mji wa Migori, kando ya barabara iendayo Isebania, mpakani mwa Tanzania. Alizaliwa Karachuonyo, upande wa Homa Bay, na kwa desturi ya Wajaluo mwanamke aliyeolewa huitwa kwa jina la kwao. Basi majirani walimwita Nyar Karachuonyo, maana yake binti wa Karachuonyo. Mimi nilikuwa nikifanya kazi Nairobi. Kila mwisho wa mwezi nilimpelekea fedha kwa M-Pesa, njia iliyoanza kutumika nchini Kenya mwaka 2007, na fedha hizo zilimfikia kabla sijarudisha simu mfukoni. Nilijiona mwana mwema. Sikuwa nimekanyaga ua wa nyumba yake kwa muda wa miaka mitatu kasoro miezi miwili, lakini hesabu hiyo sikuwa na haraka ya kuipiga.

Mwezi wa Mei, mwaka 2016, ilipokaribia Jumapili ambayo watu wa mjini huiita Siku ya Mama, niliwaona wenzangu kazini wakinunua maua. Nami nikaingiwa na hamu ya kuiga. Nilikwenda penye wauza maua karibu na Soko la City, nikachagua mawaridi meupe ishirini, kwa kuwa niliambiwa kwamba weupe ni dalili ya usafi wa moyo. Muuzaji aliyafunga kwa karatasi na utepe, nami nikaandika maneno machache katika kadi, nikaichomeka kati ya mabua. Jioni nililikabidhi shada lile kwa basi la usiku kama mtu anavyokabidhi gunia la viazi, nikarudi nyumbani kulala usingizi wa mtu aliyelipa deni.

Asubuhi kijana wa bodaboda alilichukua shada kituoni Migori akalipeleka kwa mama. Kadi ilikuwa imekwisha kudondoka njiani. Jirani yetu, mwanamke mzee aliyekuwa akifagia uwanja wake, alimwona kijana akija polepole, amekumbatia maua meupe yaliyoinamisha vichwa, wala hasemi neno. Mwanamke yule hakuuliza. Aliachia ufagio, akaweka mikono kichwani, akapiga nduru. Nduru moja katika vijiji vyetu huzaa ya pili, na ya pili huzaa ya kumi. Mama alipotoka jikoni alikuta wanawake wanakuja mbio na leso zimefungwa viunoni, na maua yamelazwa mlangoni pake. Mwana mmoja tu alikuwa mbali, naye ni mimi.

Simu yangu ililia nikiwa nakunywa chai. Nilisikia makelele kwanza, kisha sauti ya mama, nyembamba kama uzi.

"Ni nani huyu anayesema?" akauliza.

"Ni mimi, Mama."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe. Mama, kuna nini? Maua yamefika?"

Alinyamaza muda mrefu hata nikadhani simu imekatika. Nilimsikia akiwageukia wanawake na kuwaambia kwa Kijaluo kwamba mtoto ni mzima. Kisha akarudi kwangu akasema neno ambalo halijanitoka moyoni mpaka leo: "Maua yamefika, mwanangu. Wewe utafika lini?"

Msomaji, pengine unacheka. Majirani pia walicheka baadaye, hata yule mzee aliyepiga nduru ya kwanza. Lakini usimcheke kwa ujinga, maana hakuwa mjinga. Alisoma maandishi aliyofundishwa kusoma. Katika Migori na Homa Bay, kama katika sehemu nyingi za nchi yetu, shada la maua huonekana zaidi juu ya jeneza na kaburini. Anayeishi huletewa kuku, sukari, leso au unga, na anayekufa huletewa maua. Lugha yetu yenyewe imeyaweka mambo hayo mawili katika chombo kimoja, kwani neno shada hutumika kwa maua anayopewa bibi arusi, na neno lilo hilo hutumika kwa maua yanayowekwa kaburini. Tena si maua tu. Mwezi wa Oktoba, mwaka 2025, Raila Odinga alipofariki, maelfu ya watu walitoka kumlilia huku wamebeba matawi mabichi ya miti mikononi. Hakuna aliyehitaji kuambiwa maana yake. Jani bichi lina ulimi wake kwetu, na aghalabu ulimi huo husema kwaheri.

Walakini si lazima uwe hivyo, na si desturi ya ugeni kumpa aliye hai maua. Nenda Lamu au Mombasa utaona. Huko watu wa pwani tangu zamani hutunga asumini kwa uzi, na hufunga vikuba vya asumini, mawaridi, rehani na mkadi, mwanamke akajipamba navyo. Maua hunyunyizwa katika kitanda cha maarusi. Asumini huchumwa jioni, hunukia usiku, na asubuhi imekwisha nyauka. Hakuna anayelalamika kwamba imedumu usiku mmoja. Iliombwa usiku mmoja, na ikatoa usiku mmoja mzima bila ya kubakisha kitu. Nilipofikiri hivyo nilitambua kwamba kosa halikuwa la maua wala la majirani. Maua yangu yalikwenda peke yao, hayana mtu wa kuyasemea.

Kuna jambo jingine lililonisumbua. Kwa nini mawaridi yale yalifika yameinamisha vichwa? Kenya ni nchi ya kwanza katika Afrika kwa kuuza maua yaliyokatwa katika nchi za nje, na mengi yake ni mawaridi. Mashamba makubwa yako Naivasha, katika kimo cha mita 1,880 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako usiku ni wa baridi na maji ya ziwa yako karibu. Waridi likatwalo huko hutiwa majini mara moja, hupelekwa katika chumba chenye baridi ya nyuzi mbili mpaka nne, hupakiwa katika gari lenye baridi, kisha katika ndege. Safari ya Nairobi mpaka Amsterdam ni zaidi ya kilomita 6,000, na ndege huenda muda wa saa nane hivi. Karibu na mji huo, mahali paitwapo Aalsmeer, kuna mnada mkubwa mno wa maua, na kutoka hapo waridi la Kenya huenda kupamba meza ya mtu asiyejua Kenya iko wapi. Basi la Nairobi mpaka Migori nalo huenda saa saba au nane. Muda ni ule ule. Waridi moja lilifika kwa mgeni likiwa hai, na jingine likafika kwa mama yangu likiwa mahututi. Tofauti haikuwa umbali, ilikuwa matunzo.

Baadaye nilijifunza sababu zake, nami nakupa wewe bila ya malipo. Bua la ua ni kifungu cha mirija myembamba inayonyonya maji. Ua likikaa kavu, hewa huingia katika mirija hiyo na kuiziba, na hata likitiwa majini baadaye hunywa kwa shida. Ndiyo maana yafaa kulikata bua tena, kwa mshazari na kwa kisu kikali, kabla ya kulitia majini. Majani yatakayozama huondolewa, kwa kuwa huoza, na uozo huzaa vijidudu vinavyoziba mirija. Joto nalo huharakisha uzee wa ua. Zaidi ya hayo, matunda yaivayo hutoa gesi iitwayo ethilini, na gesi hiyo huyazeesha maua mengi kabla ya wakati wake. Shada langu lilisafiri usiku kucha bila ya tone la maji, tena ndani ya buti la basi, na niliambiwa kwamba lililala juu ya mkungu wa ndizi mbivu. Kama ningetaka kuliua kwa makusudi nisingelipata njia bora.

Mwezi wa Agosti mwaka ule ule nilikwenda mwenyewe. Mama alikuwa Homa Bay akimuuguza mdogo wake, mama yangu mdogo, aliyekuwa akiumwa miguu. Nilinunua mawaridi kumi na mawili, mekundu safari hii, nikayasimamisha katika ndoo ndogo yenye maji, nikaipakata ndoo tangu Nairobi. Basi lilishuka Mai Mahiu, likaiacha Naivasha upande wa kulia, likapita Narok, Bomet na Kisii. Abiria walinitazama kama mtu aliyepungukiwa na akili, na maji yakanilowesha suruali kila basi lilipoingia shimoni. Huko Rongo nilipanda gari jingine, likateremka mpaka Homa Bay, mji uliokaa kando ya Ghuba ya Winam chini ya kilima cha Asego, ambako joto la adhuhuri hukupokea kabla ya wenyeji.

Mama alikuwa ameketi kivulini. Aliniangalia mimi kwanza, kisha ndoo, kisha mimi tena. Hakuna aliyepiga nduru. Mama mdogo akasema, "Leo maua yamekuja na miguu yake," na wote tukacheka. Mtoto wa nyumba ile, alipoona maua yanasifiwa, alikimbia ziwani akarudi na ua la gugu-maji, la rangi ya zambarau, zuri kupita kiasi. Gugu-maji ni msiba wa wavuvi wa ghuba ile. Hufunga njia za mitumbwi, na hakuna ajuaye kulishukuru kwa uzuri wake. Lakini mama alilipokea kwa mikono miwili, akalitia katika ndoo pamoja na mawaridi yangu yaliyonigharimu fedha. Hapo nilijua kwamba uzuri peke yake haufanyi zawadi, wala bei haifanyi. Zawadi hufanywa na mkono uliokuja nayo.

Kesho yake mama alichagua waridi lililokuwa bado halijafumbuka, akalifunga bua lake kwa kitambaa kilicholowa. Nilimwuliza la nini. Akanijibu, "Hili ni la jirani yangu wa Migori. Alinililia msiba usiokuwapo. Na apewe ua lake angali hai." Alilipeleka mwenyewe, na yule mzee alilitia katika kikombe cha chai, akaliweka dirishani ili kila mpita njia alione.

Tangu hapo nilifika nyumbani mara mbili au tatu kila mwaka. Mara nyingine nilichukua maua, mara nyingine sikuwa na kitu ila nauli. Mama alifariki mwaka 2021. Siku ya mazishi mashada yaliletwa mengi, mazuri, yenye tepe na majina ya waliyoyaleta, nami niliwashukuru wote. Mimi mwenyewe sikuleta shada siku ile. Watu wawili watatu waliona ajabu, lakini yule jirani mzee, ambaye sasa alitembelea mkongojo, alinishika mkono akasema, "Wewe yako aliyapokea."

Sikusemi, msomaji kijana, kwamba nalikuwa mwana mwema. Miaka ile mitatu kasoro miezi miwili sikuweza kuirudisha, na ningali naihesabu. Nakuambia haya kwa kuwa wewe una nafasi ambayo mimi niliichezea. Huenda huna fedha ya mawaridi, na haidhuru. Ua la shule lina maua yake, na kando ya kila njia ya Migori na Homa Bay kuna kitu kinachochanua bila ya kuuzwa. Omba ruhusa, chuma kidogo, kata bua kwa mshazari, litie majini, nawe ulichukue mwenyewe kwa bibi yako, kwa mwalimu aliyestaafu, au kwa rafiki aliye kitandani. Na ikiwa huna budi kulituma kwa mkono wa mtu mwingine, litume na neno lako, ili asije mtu akalia bure.

Ua litanyauka baada ya siku chache, na lisikusikitishe. Mpokeaji hatakumbuka lilidumu siku ngapi. Atakumbuka kwamba siku lilipofika, nawe ulikuwapo.