Kata Mtungini

Mwanangu,

Nakuandikia usiku, Mloka yote imelala, na pumzi zangu siku hizi ni za kuhesabu. Ile runinga janja uliyoniletea Idi iko ukutani, kitaa chake chekundu hakizimiki, nami nikikitazama nalikumbuka dungu la babu yako kule bondeni, alikokuwa akikesha kulinda mpunga usiliwe na nguruwe na viboko. Tulikwea juu ili tuone. Leo chombo ndicho kimekaa juu, nasi tuko chini.

Siku ile ulipoiwasha, maandishi marefu yalijaa kwenye kioo, nikakuuliza yanasemaje, ukanijibu, "Maneno tu hayo, baba," na kidole kikabonyeza Kubali. Sikukulaumu, wala sikulaumu leo, maana ujana na haraka ni pacha. Lakini wahenga walisema siri ya mtungi iulize kata, na kata, mwanangu, ulikwishaitia mtungini mwetu.

Nyingi za runinga hizi huchukua alama za picha iliyo kwenye kioo, iwe imetoka kwenye king'amuzi au kwenye flashi, zikazipeleka kwa kampuni kwa njia ya intaneti, ijulikane nyumba hii hutazama nini na saa ngapi. Hii si hofu ya uzee: mwaka 2017 kampuni ya Vizio ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 2.2 kumaliza madai ya serikali kwamba ilikusanya habari hizo kutoka runinga milioni 11 bila wenyewe kuridhia, ikaziuza. Kwetu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Tume yake ipo, ila mashtaka huja maji yakishamwagika, nayo hayazoleki.

Basi ingia kwenye mipangilio, penye faragha, uzime kile kinachotambua unachotazama, uzime matangazo ya kukulenga, na maikrofoni kama husemi nayo. Yenye kamera, funika kamera yake. Ukitaka kuiuza, kwanza irudishe ilivyotoka kiwandani, kwa maana akaunti yako ikibaki ndani umemuuzia mtu na sebule yako. Utasahau, najua, na utabonyeza tena Kubali. Siku utakayokumbuka, rudi uzime, mwanangu, usione haya.

Idi ijayo, Mungu akinibakiza, kaa nami mkekani unisomee yale maandishi tangu mwanzo. Miwani ninayo, ila herufi zake ni ndogo mno.