Nani Aliyemaliza Maji?

Chombo kikiharibika nyumbani, watu wengi hutafuta kwanza mtu wa kulaumiwa. Chanzo cha uharibifu hukitafuta baadaye, ama hawakitafuti kabisa. Na kwa kuwa mdogo hana wa kumtetea, mara nyingi lawama humwangukia yeye. Jambo hilo nililiona waziwazi mwezi wa Januari 2022, katika jangwa la Arizona, nchi ya Marekani, ndani ya nyumba yenye magurudumu. Na chombo kilichotufundisha, ndugu wasomaji, ni choo.

Yafaa kwanza niwaeleze nyumba hiyo. Wamarekani wanayo magari makubwa ambayo ndani yake mna vitanda, jiko, meza na choo. Familia husafiri nayo na kulala humo. Tena wazee wengi waliostaafu huishi humo majira yote ya baridi. Mji mdogo wa Quartzsite, ulio umbali wa kilometa 200 hivi magharibi ya Phoenix, hupokea magari ya namna hiyo maelfu kwa maelfu kila mwaka. Kando ya mji huo kuna ardhi ya serikali iitwayo La Posa, ambapo watu huruhusiwa kukaa miezi mingi. Lakini pale gari haliungwi na bomba lolote. Kila familia hunywa, hupika na kuoga kwa maji iliyoyaleta katika tangi lake, na uchafu wa choo huwekwa katika tangi jingine chini ya sakafu. Kumwaga uchafu huo ardhini kumekatazwa na sheria. Kipo kituo cha kuchotea maji na kumwagia uchafu, walakini kukifikia ni lazima kufunga vyombo vyote na kuliondosha gari zima.

Dada yangu na mumewe, wenyeji wa Bukavu ambao sasa wanakaa Phoenix, walinunua gari la namna hiyo, lililokwisha kutumika miaka mingi, wakanialika twende pamoja kwa siku nne. Tulikuwa watu watano: wao wawili, binti yao wa miaka kumi, mdogo wake wa kiume, na mimi. Tangi la maji safi lilichukua lita 150, na lile la uchafu lita 110. Tulifika jioni, tangi la maji likiwa limejaa. Asubuhi taa ndogo za ukutani zilionyesha kwamba imebaki theluthi moja tu, na tangi la uchafu limekaribia kujaa!

Shemeji alikasirika sana. Hakuwa na sauti ndogo. Binti ndiye aliyekwenda chooni wa mwisho usiku, basi hukumu ikawa rahisi: yeye ndiye aliyekanyaga pedali asiiachie. Mtoto akajibu, “Baba, niliondoa mguu wangu.” Hakusadikiwa. Akaambiwa kwamba siku hiyo hataandamana nasi kwenye soko la mawe, ambalo hufanyika Quartzsite kila Januari, na ambalo alilingojea tangu Noeli. Kwa maana mtoto huyo hukusanya mawe katika kisanduku chake.

Msishangae kuona hasira ya wazazi. Dada yangu alikulia katika mtaa wa mlimani, akiliona ziwa Kivu kila siku chini yake, na huku bombani kwao hamna tone. Alipanda milima ya Bukavu na bidoni kichwani kabla ya kwenda shule. Aliyebeba maji kwa shingo yake hawezi kuyaona yakipotea akanyamaza. Lakini hasira, hata ikiwa na sababu njema, haitoshi kuwa ushahidi.

Mimi nilikuwa nimesikia jambo moja usiku. Pampu ya umeme inayosukuma maji ilinguruma kidogo, ikanyamaza, kisha ikanguruma tena, hali sote tumelala. Pampu ya namna hiyo huamka yenyewe nguvu ya maji inapopungua katika mipira. Ikiamka na hakuna mtu anayetumia maji, basi kuna mahali maji yanatoka. Nikamwambia shemeji, “Shemeji, kabla ya kwenda sokoni, tukitazame choo hiki pamoja. Na binti naye aje aone.”

Choo cha gari si sawa na choo cha kuvuta maji tukijuacho majumbani. Kile cha nyumbani kina tangi nyuma yake, na ndani yake boya linalopanda na maji; kikitiririka bila kukoma, mara nyingi kosa ni la boya ama la mpira unaoziba tundu. Choo cha gari hakina tangi hilo wala boya. Maji hutoka moja kwa moja katika mpira wa pampu, na kuzuiwa na kilango kidogo ambacho mafundi hukiita vali. Ukikanyaga pedali, mambo mawili hutendeka: vali hufunguka, na kifuniko kilicho chini ya bakuli husogea ili uchafu uanguke. Ukiachia, springi hurudisha vyote viwili mahali pake.

Tulikausha bakuli kwa kitambaa, tukangoja bila kugusa kitu. Punde si punde uzi mwembamba wa maji ukashuka kutoka ukingoni. Nikakinga kopo kuukuu la robo lita, likajaa kwa dakika moja na nusu. Nikamwomba binti apige hesabu. Akasema, “Mjomba, ni lita 10 kwa saa. Kwa saa 10 za usiku ni lita 100.” Baba yake akanyamaza. Tangi lilikuwa limepungua kiasi hichohicho.

Ilibaki kujua kama kosa ni la pedali ama la vali. Njia yake ni nyepesi: sukuma pedali juu kwa mkono. Maji yakikoma, springi imechoka ama uchafu unaizuia pedali isirudi. Kwetu hayakukoma, basi kosa lilikuwa katika vali. Tena mpira wa kifuniko cha chini ulikuwa umekauka, ndiyo sababu maji yaliteremka kimyakimya hadi tangi la uchafu. Kama mpira huo ungalikuwa mzima, bakuli lingalijaa na kufurika sakafuni.

Tukaizima pampu, tukaenda mjini sote watano kununua vali mpya, na soko la mawe lilikuwa njiani. Tuliporudi, tulikanyaga pedali mara moja ili nguvu ya maji iliyobaki iishe, tukatandika vitambaa nyuma ya choo, tukafungua mpira wa maji na skrubu mbili. Vali mpya tukaifunga kwa mkono kwanza, kisha kwa spana kidogo tu, kwa kuwa plastiki hupasuka ikikazwa kupita kiasi. Mpira wa kifuniko tuliusafisha na kuupaka mafuta ya silikoni, maana mafuta ya mashine huharibu mipira. Mwishowe tukawasha pampu, na kupitisha karatasi kavu penye maungio yote. Ilibaki kavu. Pampu nayo ikanyamaza.

Tukaipasua ile vali ya zamani. Maji ya Arizona yana chokaa nyingi, nayo ilikuwa imeganda ndani, na chembe moja, ndogo kuliko punje ya mtama, ilikuwa imekaa katikati ya mpira na kiti chake. Hiyo ndiyo iliyomaliza maji yetu. Bandu bandu huisha gogo.

Shemeji aliishika chembe ile, akamwita binti yake mbele yetu sote. “Mwanangu,” akasema, “nilikuhukumu kabla ya kuchunguza. Unisamehe.” Mtoto akaitikia, kisha akaomba apewe ile chembe, akaiweka katika kisanduku pamoja na mawe yake mengine.

Ndugu wazazi, vyombo vya nyumbani vitaharibika siku zote. Likitokea tatizo, kwanza komesheni hasara: zimeni pampu, fungeni bomba. Pili, tazameni kwa macho na pimeni kwa kopo. Mkiisha kufanya hayo mawili, ndipo mseme juu ya mtu, ikiwa bado pana haja. Vali mpya huuzwa dukani. Neno la mtoto aliyesema kweli asisadikiwe, hilo halina duka.