Mgeni wa Neno, Toka Jinja Hadi Mbale

Msafiri avukaye Mto Nile kwa daraja jipya la Jinja, lililofunguliwa mwaka 2018, huingia nchi ya Wasoga, watu wasiokubali mgeni apite mlangoni na njaa. Viazi vitamu na mchuzi wa karanga ndicho chakula cha nyumba nyingi huku. Mgeni akiwa mwinjilisti au katekista, aghalabu kiti hutolewa kabla hajaulizwa jina.

Hata hivyo, sifa hiyo ina jeraha chini yake. Ukiiacha barabara kuu ya Iganga na kushika njia ya Mayuge, utafika Kyando. Huko ndiko alikouawa Askofu James Hannington tarehe 29 Oktoba, 1885. Alikuwa ametoka pwani kwa miguu, akapita nchi ya Wamasai, akawaacha wengi wa wapagazi wake Kwa Sundu, ndiyo Mumias ya leo, kisha akaendelea na watu wapatao 50. Chifu Luba alimpokea kwa kumfunga. Muda wa siku nane askofu alikaa kifungoni, mgonjwa, akiandika shajara yake, hata amri ya Kabaka Mwanga ilipowasili. Waganda wa siku zile waliamini kwamba atakayeiteka nchi yao atatokea mashariki, na Hannington alikuwa amechagua mlango huo huo. Wengi wa watu wake waliuawa pamoja naye. Miaka ikapita, Joseph, mwana wa askofu huyo, akaja Busoga kuhubiri, akambatiza mwana wa Luba. Kila mwezi wa Oktoba mahujaji hukusanyika Kyando kuikumbuka siku ile.

Baada ya mauaji hayo walikuja walimu wa Kiganda, wakaenea Busoga na kisha nchi za mbele, hadi Mbale, ambako Semei Kakungulu alikuwa ameweka makao mwanzoni mwa karne ya 20. Isisemwe kwamba wote walipokelewa kwa mapenzi. Mahali pengine chifu alimpa mwalimu chakula kwa kuwa aliziogopa bunduki za Kakungulu. Lakini bunduki haikuchota maji wala haikumenya ndizi. Kazi hiyo ilifanywa na wanawake wa vijiji, ambao majina yao hayamo vitabuni.

Kutoka Iganga, njia ya Tirinyi huvuka kinamasi cha Mto Mpologoma, penye mashamba ya mpunga, ikapanda taratibu kupitia Budaka mpaka mwamba wa Wanale uonekane juu ya mji wa Mbale. Katika mwaka 1977 ukarimu sehemu hizi ulikuwa jambo la kuhatarisha maisha. Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa mwezi wa Februari, na mwezi wa Septemba serikali ya Idi Amin ikapiga marufuku madhehebu mengi. Waumini wa madhehebu hayo walikutana kwa siri majumbani. Kumlaza mhubiri wao usiku mmoja kulimtaka mwenye nyumba apime kwanza maisha ya wanawe, na hapana anayeweza kumlaumu aliyefunga mlango.

Nyumbani kwa Mgisu mgeni wa Neno huandaliwa matoke, na mara nyingi malewa, yaani machipukizi ya mianzi ya Mlima Elgon yaliyokaushwa kwa moshi na kuungwa kwa karanga. Baba huacha kitanda chake. Watoto hulala mkekani. Mwezi wa Mei, mahujaji waendao Namugongo kwa miguu, mwendo wa zaidi ya kilomita 200, hulazwa makanisani na shuleni njiani, na maji ya kuosha miguu huwa yamekwisha pashwa moto.

Je, mama wa nyumba afanye nini na mhubiri asiyeondoka? Waraka wa Tatu wa Yohana humsifu Gayo kwa kuwapokea wasafiri wa imani, na kumkemea Diotrefe aliyewakataa. Didache, kitabu cha Wakristo wa kale, ni kikali zaidi: mtume akae siku moja, au mbili ikibidi, akikaa tatu, au akiomba fedha, ni nabii wa uongo. Wahenga wetu walikwisha sema mgeni wa siku ya tatu apewe jembe. Mshahara wa askari au mwalimu haulishi mtu mwezi mzima, na mama anayemweleza mgeni ukweli huo kwa heshima hajatenda dhambi.

Mgeni mwema huaga mapema, umande ungalipo. Hapo mama huingia jikoni, akatoka na kuku aliyefungwa miguu, na baba akamtundika kwenye usukani wa baiskeli ya mgeni, kichwa chini, akipiga mabawa hadi waifikie barabara.