Waya, moshi na yai la kienyeji

Jamani, hapa Litein yai la kienyeji lina heshima yake. Tunalilipia zaidi ya la gredi kwa sababu kuku kajitafutia mwenyewe. Swali langu, mimi mtu wa kompyuta: kajitafutia wapi?

Nyuma ya vibanda vya mafundi huwa naona nyaya za chaja na kompyuta mbovu zikichomwa ili ipatikane shaba ya kuuza. Ganda la waya ni plastiki ya PVC, yenye klorini. Likiungua pamoja na shaba hutoa sumu iitwayo dioksini. Jivu hutua ardhini, kuku hudonoa udongo na wadudu, sumu inakaa kwenye mafuta ya kiini cha yai. Kuchemsha hakuiondoi.

Sitishi watu. Mwaka 2005 mayai ya karibu na jaa la Dandora, Nairobi, yalipimwa yakakutwa na dioksini kupita kikomo cha Umoja wa Ulaya. Mwaka 2019 yakapimwa ya Agbogbloshie, Accra, palipokuwa pakichomwa nyaya kwa wingi: mtu mzima akila yai moja tu kwa siku, anapita kiwango salama cha Ulaya mara 220.

Litein si Accra, lakini moto wa waya ni ule ule. Nasi waandishi wa programu tumo: kila toleo linaloikataa simu ya zamani linaongeza taka.

Fundi, chuna waya kwa kisu. Shaba isiyoungua huuzwa bei nzuri zaidi. Mwenye kuku, wazuie wasifike penye jivu.

Kwenu nyaya mbovu huishia wapi?