Sauti Iliyonisomesha

Mwaka jana nilipokwenda nyumbani likizo, nilimsindikiza mdogo wangu mnadani kununua dagaa. Tukiwa tunapatana bei, bodaboda mmoja akaegesha pikipiki karibu yetu, redio ya pikipiki ikiwa juu. Wimbo uliokuwa unalia niliufahamu kabla haujafika kiitikio. Aliyekuwa akiimba ni yeye huyu niliyesimama naye, akiwa na miaka tisa.

Nilimtazama. Alikuwa anahesabu chenji. Alipomaliza aliinua ndoo akaniambia, "Kaka, twende, jua linawaka." Tukaondoka. Nyuma yetu, yule mtoto wa miaka tisa akaendelea kuimba.

Sisi tuliokulia Binza katika miaka ile tulilelewa na vitu viwili: ngoma na banda la video. Ngoma tuliikuta. Usukumani ngoma ni mashindano. Bagika na Bagalu wameshindana tangu enzi za mababu, na ningi anayejua kutunga hujaza uwanja baada ya mavuno ya pamba. Banda la video lilikuja na jenereta. Kiingilio shilingi mia, viti ni mabenchi ya mbao, na mfalme wa pale alikuwa Steven Kanumba.

Kanumba alikuwa wetu. Alizaliwa Shinyanga, na wakati huo sisi nasi tulikuwa Shinyanga, maana mkoa wa Simiyu ulikatwa mwaka 2012. Tulisikia kwamba alianzia kuimba kanisani, kama watoto wote wa kwetu wanavyoanzia. Na katika filamu zake alipenda kuweka watoto. Katika Uncle JJ tuliwaona Jennifer na Patrick, watoto wa umri wetu, wakimsumbua mjomba wao mpaka benchi zima linacheka. Mayu alikuja siku moja kunitafuta, akasimama mlangoni akatazama kidogo. Njiani kurudi akauliza, "Hawa watoto wanalipwa?" Sikuwa na jibu. Sikuwa hata nimewahi kujiuliza.

Mdogo wangu alikuwa kwenye kwaya ya watoto kanisani. Sauti yake ilikuwa nyembamba lakini haikatiki, kama uzi wa katani. Mwanzoni mwa mwaka 2012 mwalimu wa kwaya alimpa mstari wa peke yake kwenye harusi. Watu wakainuka kumtuza. Noti zilibandikwa kwenye paji la uso wake lenye jasho, zikaanguka, nikaenda kuziokota kwa sababu nilikuwa kaka na nilikuwa karibu. Kufikia jioni nilikuwa na elfu nane mfukoni. Mayu alikuwa hajawahi kushika elfu nane kwa siku moja nje ya msimu wa pamba.

Pasaka ya mwaka huo Kanumba akafariki, usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 7 Aprili, akiwa na miaka 28. Kijiji kizima kilikaa redioni. Lakini jina lililotajwa kuliko la marehemu lilikuwa la Elizabeth Michael, yaani Lulu, aliyekuwa naye nyumbani usiku ule.

Lulu tulimjua. Alianza kuigiza akiwa na miaka mitano hivi, kwenye kundi la Kaole, kundi ambalo Kanumba naye alipitia. Nchi ilimwona akiota meno. Alipopelekwa mahakamani alikuwa anakaribia kutimiza miaka 17, na mawakili wake walisema ni mtoto, kwa sababu Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Swali la umri wake likawa gumzo la nchi. Bandani kwetu watu wazima walibishana: mtoto gani yule, tumemwona kwenye filamu miaka yote hiyo? Nilikuwa darasa la saba, na nilikubaliana nao. Niliona kwamba mtu anayeonekana sana anakua haraka kuliko wengine, kama vile macho ya watu yanaongeza miaka.

Ya baadaye yanajulikana. Alipata dhamana Januari 2013. Mwaka 2016 filamu yake ya Mapenzi ya Mungu ilishinda tuzo ya AMVCA kule Nigeria. Novemba 2017 Mahakama Kuu ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, ikamhukumu miaka miwili jela, na Mei 2018 alitoka kumalizia adhabu kwa kazi za kijamii. Siandiki kumhukumu upya wala kumtetea. Ninachokumbuka ni jinsi ilivyokuwa rahisi kwetu kumnyima utoto mtu aliyeufanyia kazi utoto wake mbele yetu.

Maana wakati huohuo, nyumbani kwetu, mimi nilikuwa nabeba mfuko.

Baada ya harusi ile ya kwanza zilikuja nyingine. Ningi mmoja alimwomba aimbe naye msimu wa ngoma. Fundi wa picha akamrekodi akiimba, akatoa santuri za video, akamletea gauni la njano na soda kreti moja. Hayo ndiyo yaliyokuwa malipo. Nchi hii ina Sheria ya Hakimiliki tangu mwaka 1999, lakini haikuwahi kufika kwenye uwanja wetu. Nyimbo zikahama kutoka santuri kwenda kwenye memori kadi, na kutoka hapo kwenda kila simu yenye spika.

Mwaka 2013 niliingia kidato cha kwanza. Ada ya shule ya serikali kwa mwanafunzi wa kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Ukisikia leo unaweza kucheka, lakini juu ya ada kulikuwa na michango, sare, madaftari, na bei ya pamba ilikuwa inacheza. Mayu hakuwahi kusema waziwazi pesa inatoka wapi. Ijumaa mdogo wangu aliondoka, Jumatatu alirudi amechoka, sauti imekauka, na Jumanne mimi nilikuwa na daftari jipya. Sheria ileile ya Mtoto inasema umri wa kuanza kufanya kazi ni miaka 14, tena kazi nyepesi isiyomzuia mtoto kusoma. Alikuwa na kumi. Lakini kwetu nani angeita kuimba kazi? Tulisema "kipaji". Neno hilo lilitusaidia sana kutoona Jumatatu alizokosa shuleni.

Alimaliza darasa la saba mwaka 2016. Hakuchaguliwa. Na mwaka huohuo serikali ilikuwa imefuta ada ya sekondari hadi kidato cha nne. Yaani mlango ulifunguliwa bure, na yeye aliyekuwa amelipia wa kwangu hakuwa na alama za kuingilia.

Hakuna aliyemkataza kuimba, aliacha mwenyewe. Alipofika miaka kumi na minne sauti ikashuka, watu wakaacha kuinuka. Walitaka yule mtoto. Sasa ana cherehani, anashona sare za shule, na ukimwomba aimbe kanisani anasema koo linamuuma.

Nilipokuwa nasoma kwa ajili ya shahada hii ya uzamili nilikutana na habari za Jackie Coogan, mtoto aliyeigiza na Charlie Chaplin katika The Kid ya mwaka 1921. Alikuwa miongoni mwa watoto maarufu kuliko wote duniani. Alipokua akakuta pesa zake zimetumiwa na mama yake na baba wa kambo. Akawashtaki mwaka 1938, akaambulia sehemu ndogo tu, na mwaka uliofuata jimbo la California likatunga sheria iliyopewa jina lake. Leo sheria hiyo inataka asilimia 15 ya mapato ya mtoto msanii iwekwe akiba mpaka awe mtu mzima.

Nilisoma habari hiyo usiku maktaba ikikaribia kufungwa, na kilichoniuma ni kwamba katika hadithi hii nilijitafuta upande wa Coogan nikajikuta upande wa pili. Si kwamba tuliiba. Mayu alikuwa na watoto wawili na shamba moja, akafanya hesabu ambayo akina mama wengi wangeifanya. Lakini katika hesabu ile mmoja alikuwa mbegu na mwingine alikuwa shamba, na mimi ndiye niliyeota.

Jioni ya siku ile ya mnadani nilimweleza habari za Coogan. Alisikiliza huku akipinda ukosi wa shati. Kisha akauliza, "Huyo mtoto alikuwa na kaka?"

Nikamwambia ndiyo, alikuwa na mdogo wake wa kiume.

"Alisoma?"

Nikasema hilo kitabu hakikusema. Akacheka kidogo, akaendelea kukanyaga cherehani.

Nilichukua daftari nikamwambia nataka tuandike harusi zote alizoimba, niweke kiasi, tufike mahali. Alidhani nataniana naye. Baadaye akaona nimeshika kalamu kweli. Tulianza na ile ya kwanza ya elfu nane. Nyingine yeye alizikumbuka kwa chakula: ile ya pilau lililoungua, ile waliyotusahau tukala saa sita usiku. Mimi nilizikumbuka kwa kiasi nilichookota. Tukafika thelathini na moja, nikasema nadhani zimeisha.

"Umesahau moja," akasema. "Ile niliyoimba nina malaria, ukanibeba mgongoni kurudi."

Sikuwa nimeisahau. Nilikuwa nasubiri nione kama na yeye anaikumbuka.

Nikaandika: thelathini na mbili.