Kutoka TRM hadi Githurai: Pointi zinaokoa pesa ngapi?

Jumamosi ya kwanza baada ya mishahara, daraja la miguu la Roysambu huanza kujaa mwendo wa saa nne asubuhi. Wengi wanaovuka barabara ya Thika wanaelekea Thika Road Mall, ambayo wakazi huiita TRM, mtoto mmoja ameshikwa mkono na mwingine yuko nyuma akiuliza kama leo kuna aiskrimu. Wakifika supamaketi, wapo wanaopita moja kwa moja hadi kwenye unga. Wapo pia wanaoegesha toroli kando, kufungua kijitabu cha ofa na kutoa simu: mafuta ya kupikia yameshuka bei, nepi ni nafuu ukichukua pakiti mbili, sabuni ya unga ina pointi za ziada.

Hiyo ni kazi, tena yenye mtoto anayelia kando. Je, inalipa?

Chukua familia inayonunua vitu vya Sh12,000 kwa mwezi, katika duka linalorudisha pointi ya shilingi moja kwa kila Sh100. (Huu ni mfano tu. Kila duka lina kiwango chake na hukibadilisha likitaka, kwa hivyo soma masharti.) Tuseme ofa zimewapunguzia Sh600. Watalipa Sh11,400, na pointi zao zitakuwa za Sh114. Ongeza Bonga za Safaricom, ambazo hupatikana kwa kiwango cha pointi moja kwa kila Sh10 za muda wa maongezi, na ambazo kwa kawaida zimekuwa zikihesabiwa senti 20 kila moja ukilipia bidhaa kwa Lipa na Bonga. Anayetumia Sh1,500 kwa simu kila mwezi ana pointi 150, yaani Sh30.

Jumla ni Sh744. Si haba, lakini tazama zilikotoka: Sh600 ni za ofa. Pointi zote, za duka na za simu, hazifiki Sh150. Kwa hivyo kutaja nambari ya simu keshia anapouliza, "Mama, uko na kadi?" kuna maana, kwa sababu hakukugharimu chochote. Kupanda matatu hadi tawi la mbali kwa ajili ya pointi maradufu hakuna maana. Nauli ya kwenda na kurudi itazimeza kabla hujafika nyumbani.

Na hata hizo Sh600 zina masharti. Ni akiba iwapo ofa imeangukia kitu kilichokuwa kwenye orodha yako. Ukitembea polepole kati ya rafu utaona ofa zinakopenda kukaa: soda za lita mbili, biskuti, noodles, soseji, juisi za pakiti. Ndizi na ndengu hupata ofa pia, ila si kwa kelele hizo. Chupa ya soda ya nusu lita ya kawaida ina zaidi ya gramu 50 za sukari, na Shirika la Afya Duniani linasema ni vyema zaidi mtu mzima asizidi takriban gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku. Mtoto anahitaji kidogo kuliko hapo. Mzazi anayechukua chupa mbili kwa sababu ya pili imepunguzwa bei, kisha akapewa pointi juu yake, amelipa pesa ambazo hakuwa amepanga kuzitoa, na soda itaisha kabla ya Jumatatu kwa sababu iko kwenye friji.

Mbele kidogo kwenye barabara hiyo hiyo, ukishapita Zimmerman, kuna Githurai. Hapa hakuna kijitabu. Nyanya, vitunguu, sukuma wiki na parachichi hupangwa hadi kando ya reli, na bei husemwa kwa sauti. Mfumo wa pointi upo, ila unaitwa nyongeza. Mnunuzi anayerudi kwa mama mboga yule yule kila wiki hutiliwa nyanya mbili juu ya fungu, au dania ya bure, huku akiulizwa mtoto anaendeleaje na kikohozi. Wiki ya tarehe 25, mfuko ukiwa umekauka, anaweza hata kubeba mboga na kulipa baadaye. Hakuna programu ya simu inayofanya hivyo.

Ndiyo maana wazazi wengi wa sehemu hizi hugawa bajeti: unga, mafuta, sabuni, nepi na vitu vingine visivyooza hununuliwa supamaketi wakati wa ofa, nao mboga, matunda, maharagwe na omena sokoni. Kwa sahani ya mtoto, mgawo huo una faida kuliko pointi zozote.

Jambo moja zaidi kuhusu zile pointi zinazochapishwa chini ya risiti. Wapo wanaozilimbikiza miaka na mikaka wakingoja siku kubwa. Wakazi wa Roysambu wana sababu ya kutofanya hivyo. Kabla ya Carrefour kuingia TRM mwaka 2017, nafasi hiyo ilikuwa ya Nakumatt, ambayo kadi yake ya Smart ilikuwa katika pochi za Wakenya wengi sana. Mwaka 2018 kampuni hiyo iliwekwa chini ya msimamizi, na mwaka 2020 wadai wake wakaamua ifungwe kabisa. Rafu zilikuwa zimebaki tupu kitambo, na pointi hazikuwa na kaunta ya kuzipokea.

Pointi si akaunti ya benki, hazina riba na bei ya unga haizingoji. Zikifika kiasi cha kununua pakiti mbili za unga, mwambie keshia azikate siku hiyo hiyo. Kama ni lazima zingoje, basi zisivuke Januari, wakati karo na sare za shule zinapobisha hodi pamoja.