Réunion, Kisiwa cha Milima na Koo

Ukitaka kukipenda kisiwa cha Réunion haraka, anzia Saint-Pierre Jumamosi asubuhi. Soko limetandazwa kandokando ya bahari: vanila, binzari, mananasi madogo matamu, achari, sambusa za moto (ulizia nyama yake kwanza). Nyuso za wauzaji zina Madagaska, Gujarat, China, Ufaransa na Afrika Mashariki, mara nyingine vyote katika uso mmoja. Kilwa ina fungu lake hapo, tena chungu: mwaka 1776 Mfaransa Morice alifunga mkataba na sultani wa huko auziwe watumwa kwa ajili ya visiwa vya Ufaransa katika Bahari ya Hindi.

Lakini utamu wenyewe uko juu. Barabara ya kwenda Cilaos, mji wa milimani, inapanda kwa kona zaidi ya 400, genge upande huu, korongo upande ule, na mahandaki membamba ambamo basi hupita kwa kujibana. Ukifika, umezingirwa na kuta za mwamba, Piton des Neiges imekuinamia kwa mita zake 3,070, na vijishamba vya dengu vimening'inia kwenye matuta. Jirani, bondeni Mafate, hakuendeki kwa gari hata leo. Ni miguu au helikopta. Watumwa waliotoroka walijificha humu, kisha wakafuata Wazungu maskini waliokosa ardhi pwani. Koo chache, njia mbovu, watu wakaoana jirani kwa jirani.

Ndiyo maana kisiwa kina jina katika vitabu vya tiba, kwa magonjwa ya kurithi. Mwaka 1995 familia za kusini zilisaidia kupatikana kwa jeni ya ugonjwa mmoja wa kudhoofika misuli. Baadaye wakatambuliwa wagonjwa wa kisukari wasiofanana na wengine: mikono na mapaja yamekauka mafuta, misuli imechongeka, mishipa imetokeza, ilhali uso na shingo vimenenepa. Daktari mwenye haraka angewasifu kwa mazoezi. Ni lipodistrofia, na chanzo kwao wote ni kosa moja la jeni nyingine, LMNA, lililotoka kwa mhenga mmoja likaenea kisiwani.

Jeni hiyo hutoa lamini A, protini inayoshikilia utando wa kiini cha seli kwa ndani, kama fito chini ya makuti. Lamini ikiwa changa hupachikwa mkia wa mafuta, kisha mkia hukatwa, ndipo ikomae. Kwa watoto wa projeria, wanaozeeka kabla ya wakati, mkia haukatwi, hivyo lawama zikaelekezwa kwenye mkia. Kosa la Réunion limeharibu ncha ya protini hata mkia hauna pa kushika. Na bado watu wanaugua. Kumbe lamini iliyobaki changa hudhuru hata bila mkia.

Mzazi mmoja anatosha kurithisha kosa hili, nusu kwa nusu kwa kila mtoto. Akipatikana mgonjwa mmoja, ndugu zake nao waitwe wapimwe sukari, mafuta ya damu na moyo.

Siwapendi wanaokiita kisiwa hiki maabara. Maabara gani yenye ukungu unaopanda bondeni mchana kama uliopigiwa saa? Nenda kati ya Mei na Novemba, mbali na vimbunga, na mezani uagize dengu za Cilaos kwa wali na pilipili ya kusaga. Ni ghali. Lipa.